Masika Yakiisha, Anza Kukagua Darini

Kwetu Kisauni, masika yakishapita watu hukausha magodoro na kusahau paa mpaka vuli iwakumbushe. Nami nilikuwa hivyo, hadi doa la rangi ya chai lilipotokea kwenye dari, juu ya kitanda cha mama. Fundi alilitazama, akabadilisha bati lililo juu yake, nikamlipa. Mvua iliyofuata, ndoo ilirudi pale pale.

Kosa letu lilikuwa kuliamini doa. Maji yakishapenya hutambaa kwenye mbao kufuata mteremko, yakadondokea mbali na tundu. Baadaye niliingia mwenyewe juu ya dari saa sita mchana, nikazima tochi. Nukta ya mwanga ilionekana karibu na kofia ya paa, hatua tatu kutoka kwenye doa. Msumari ulikuwa umenyanyuka kidogo na raba yake imekauka. Nilipoigusa ilimegeka kama biskuti.

Kwa hiyo mwezi wa Julai, mvua zikitulia, anza ndani. Fuata michirizi ya maji kwenye mbao kwenda juu, si kwenda chini. Chomeka bisibisi kwenye mbao: ikizama, mbao imeoza au imeliwa na mchwa, na bati jipya halitapata pa kushikilia.

Nje, adui wetu wa pwani ni chumvi. Kutu huanzia kwenye kingo zilizokatwa, mabati yanapopandana, na kuzunguka misumari. Ikiwa ya juu juu, sugua kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu. Bati lililotoboka libadilishe. Tafadhali usizibe kwa saruji: bati hutanuka juani na kunywea usiku, saruji ikapasuka.

Gata nazo zitazame. Kunguru wa Mombasa hutupa humo mifupa na vipande vya waya, majani ya mwembe yakanasa, maji yakafurika kurudi chini ya mabati. Ukipanda, subiri umande ukauke, ukanyage kwenye mstari wa misumari, kwani chini yake pana mbao.

Na kabla ya kumlipa fundi, mwageni maji. Mimi nilishika mpira juu ya paa robo saa nzima, mama amekaa kitandani akitazama dari, mpaka aliposema, "Basi mwanangu, shuka, pakavu."