Pointi Moja Zaidi ya Ugumu, Dhahabu kwa Mwingine

SWALI: Shikamoo, Mwalimu. Ninafundisha shule ya msingi hapa Ujiji, na jioni ninawasimamia vijana wa sarakasi wanaofanyia mazoezi kwenye mchanga wa Kibirizi. Tumetazama kwa simu fainali ya jimnastiki ya sakafu ya wanawake katika Olimpiki ya Paris ya 2024. Vijana wote wanasema Simone Biles wa Marekani aliruka juu zaidi na kujipindua mara nyingi zaidi kuliko Rebeca Andrade wa Brazil, lakini dhahabu ilikwenda kwa Andrade. Hesabu hiyo hupatikanaje? Na kwa nini Mmarekani mwenzake Biles, Jordan Chiles, alipewa shaba kisha akanyang'anywa? Kwa vijana wangu, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba, Mwalimu mwenzangu. Vijana wako wameona sawasawa, na majaji waliona hivyo hivyo. Kosa lao ni kudhani kwamba alama ya jimnastiki ni moja, ilhali tangu mwaka 2006, ilipoachwa ile kumi kamili aliyoipata Nadia Comăneci kule Montreal mwaka 1976, alama ya mwisho hujengwa kwa vipande vitatu. Cha kwanza ni alama ya ugumu, ambayo huanzia chini na kupanda kadiri mchezaji anavyoonyesha mambo mazito zaidi. Cha pili ni alama ya utekelezaji, ambayo huanzia 10 na kushuka kwa kila dosari ya mwili: goti lililopinda, miguu iliyoachana, hatua wakati wa kutua. Cha tatu ni adhabu zilizo nje ya hivyo viwili, kama vile kuvuka mstari wa mpaka wa sakafu.

Sasa tuweke namba mezani. Biles alipata 6.9 za ugumu na 7.833 za utekelezaji, akakatwa 0.6 kwa kuvuka mstari, akabaki na 14.133. Andrade alipata 5.9 za ugumu na 8.266 za utekelezaji, bila adhabu yoyote, akafikisha 14.166. Kwa hiyo Biles alitangulia kwa pointi moja nzima ya ugumu, na katika mchezo huu hiyo ni akiba kubwa mno. Usafi wa Andrade ulimega 0.433 katika akiba hiyo, mstari ukamega 0.6, na jumla ya vilivyomegwa ikawa 1.033. Ile 0.033 iliyozidi ndiyo iliyoamua dhahabu.

Ninaomba uwasimulie vijana habari ya huo mstari polepole, kwa sababu wengi huiona kama jambo dogo. Eneo la sakafu ni mraba wa mita 12 kwa 12. Kukanyaga mstari wenyewe si kosa. Kosa ni kugusa nje yake. Mguu mmoja ukitoka, adhabu ni 0.1, na miguu yote miwili ikitoka ni 0.3. Biles alitoka mara mbili kwa miguu yote miwili. Laiti angebaki ndani mara moja tu kati ya hizo mbili, angemaliza na 14.433 na dhahabu ingekuwa yake. Tena anayetoka kwa kurushwa na kasi yake mwenyewe mara nyingi hulipa mara mbili, kwa kuwa hatua kubwa ya kutua hukatwa hadi 0.3 katika utekelezaji, kisha mstari nao hudai chake. Pale ndipo nguvu nyingi zinapokuwa mzigo: mchezaji anayeruka juu kuliko wote ndiye mwenye kasi kubwa zaidi ya kuizuia anaposhuka.

Huenda pia umejiuliza tarakimu kama .833 na .266 zinatoka wapi, wakati makato yote ni ya sehemu za kumi. Alama za majaji wa utekelezaji zilizo juu kabisa na zilizo chini kabisa huondolewa, kisha hutafutwa wastani wa tatu za katikati. Jaji mmoja mwenye huruma au mwenye hasira hawezi kumbeba wala kumwangusha mchezaji peke yake, na mimi ninauona utaratibu huo kuwa wa haki.

Suala la Chiles ni zito zaidi, na ninakiri kwamba linanigusa. Alikuwa wa mwisho kucheza, akapewa 13.666, nyuma ya Waromania wawili waliolingana kwa 13.700, Ana Bărbosu na Sabrina Maneca-Voinea. Kocha wake aliona kwamba mruko mmoja wenye mzunguko haukuhesabiwa thamani yake yote, akaomba mapitio. Kanuni huruhusu kuhoji ugumu peke yake. Utekelezaji hauhojiwi kamwe, la sivyo mashindano yasingekwisha. Ombi lilikubaliwa, ugumu ukapanda kutoka 5.8 hadi 5.9, naye akafikia 13.766 na kuvishwa shaba. Waromania wakaenda kwenye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, ambayo siku tano baada ya fainali ilisema kwamba ombi lilifika baada ya dakika 1 na sekunde 4, wakati mchezaji wa mwisho hupewa dakika moja tu. Shaba ikahamia kwa Bărbosu, aliyemzidi Maneca-Voinea kwa alama ya utekelezaji. Upande wa Marekani ulidai kuwa na video inayoonyesha kwamba kocha alitamka ombi mapema, ndani ya dakika hiyo, na Chiles akalipeleka shauri kwenye mahakama kuu ya Uswisi.

Mtazamo wangu ni huu: ukomo wa muda ni lazima uwepo. Mwaka 2004 kule Athens, Yang Tae-young wa Korea Kusini alihesabiwa ugumu pungufu kwa 0.1 kwa kosa la majaji, na rufaa yake ikakataliwa kwa kuwa malalamiko hayakutolewa kwa wakati. Lakini saa hiyo inapaswa kushikwa na waamuzi palepale ukumbini, na ombi lililochelewa likataliwe kabla ya kusomwa. Kulipokea, kulikubali, kumvisha binti medali mbele ya ulimwengu, kisha kumdai airudishe kwa sekunde nne ambazo yeye hakuzishika, ni kumwadhibu mchezaji kwa kazi ya watu wengine. Bărbosu naye aliumizwa, kwa sababu alikuwa ameshaanza kushangilia na bendera yake.

Kuhusu vijana wako: usiwapime kwa urefu wa mruko wa Biles. Sakafu ya mashindano ina springi chini ya zulia, nao mchanga wa Kibirizi hunyonya nguvu yote ya mguu. Mtoto anayepinduka vizuri kwenye mchanga ana miguu yenye nguvu kweli. Hatari iko kwenye kutua, kwa maana mchanga mkavu hushika nyayo wakati mwili bado unazunguka, na kijana mmoja niliyekuwa nikimfundisha aliteguka kifundo namna hiyo. Kwa hiyo mapinduko yenye mzunguko yasubiri. Wafanyishe kazi karibu na maji, pale ambapo mchanga umeshikana, pima mraba wa mita 12 kwa kamba ya wavuvi, na mpe kijana mmoja kazi ya kusimama pembeni na kuinua kitambaa kila mguu unapotoka. Kila mmoja apinduke mara moja tu, atue, na asimame bila hatua hadi uhesabu tatu. Atakayeweza kufanya hivyo mara kumi mfululizo ndani ya kamba, huyo ndiye umwongezee mpinduko wa pili.