Tangi la choo kwenye boti: lijue lenyewe kabla hujaiamini geji

Wadau wa boti, leo naomba tuongelee kitu ambacho watu hawapendi kukitaja lakini kila mwenye choo kwenye boti kinamhusu, yani tangi la maji machafu na namna ya kujua limefika wapi. Geji ya dizeli inakaa kwenye mafuta, ya maji ya kunywa inakaa kwenye maji masafi, hii ya choo inashinda ndani ya mkojo, kinyesi, karatasi na chumvi ya bahari mwezi baada ya mwezi alafu tunaitegemea isome sawasawa. Haiwezi, na mimi baada ya kukaa muda mrefu na boti yenye tangi la lita 80 nimeshika msimamo mmoja tu: kwanza ulijue tangi lako kwa lita, geji ije baadae kuhakikisha.

Kulijua maana yake nini. Subiri siku ambayo limenyonywa likaisha, yani uchafu wote umevutwa nje kwa mashine, na ukalisuuza vizuri, boti ikiwa imefungwa na imekaa sawa bila kulalia upande, chukua ndoo unayojua ujazo wake, ya lita 10 inatosha, anza kumimina maji masafi kupitia kile kifuniko cha sitahani ndoo moja moja, na kila ndoo ikiingia angalia geji inasema nini uandike. Kama tangi ni la plastiki linaloonyesha kwa ndani ukimulika tochi kwa pembeni, weka alama na maka penu hapohapo kwenye ukuta wake. Kazi ya nusu siku hii, lakini ukimaliza una jedwali lako na hamna fundi yeyote anayeweza kukuuzia kitu kizuri zaidi ya hicho.

Utakachokiona ni kwamba sindano ya geji na lita haviendi pamoja. Matangi mengi ya boti yamechongwa yafuate ubavu wa boti, chini membamba juu mapana, kwa hiyo nusu ya kimo sio nusu ya ujazo, tena tangi lingekuwa na umbo la V kamili basi nusu ya kimo ni robo tu ya ujazo. La aina hiyo sindano inapanda haraka mwanzoni alafu inazubaa. La kuogopa ni lile linalobana kwenda juu, maana hilo linatoka robo tatu hadi kujaa kabla hujageuka, na mwenye tangi kama hilo asipopima kwa ndoo hatajua kamwe.

Sa tuje kwenye sensa zenyewe. Zile za boya, linalopanda na kushuka kwenye nguzo, ndo za bei rahisi na ndo zinazosumbua zaidi, karatasi inajizungusha kwenye nguzo, mkojo ukikutana na maji ya bahari unajenga ukoko mgumu, boya linakwama. Likikwama chini utasoma tupu mpaka siku ya balaa. Za fimbo za chuma nazo zikishapakwa uchafu umeme unapita kwenye ule utelezi na taa ya kujaa inabaki inawaka hata ukishanyonya. Zile za kufungwa juu zinazopima kwa mawimbi ya sauti hazigusi uchafu, hilo ni jema, ila povu na matone ya mvuke vinazichanganya, na ukiifunga karibu na bomba linapoingilia itakuwa inapima rundo la karatasi badala ya maji.

Kwa tangi la plastiki mi napendekeza sensa ya kubandika kwa nje ya ukuta. Haingii ndani, haitobolewi tundu, ikiharibika unabandua unaweka nyingine bila kushika uchafu wowote. Kwenye tangi la chuma hiyo haifanyi kazi, hapo chukua ile ya bomba jembamba la hewa linaloshuka mpaka karibu na sakafu ya tangi, inasukuma hewa kidogo na kupima inapingwa kwa presha kiasi gani, kila sentimita 10 za maji ni kama kilopaskali 1, na uzuri wake ile hewa yenyewe inalisafisha bomba kila inapopima. Kitu kingine, kama unanunua senda (kile kifaa cha ndani ya tangi kinachoipelekea geji kipimo) na geji mbalimbali hakikisha ni za mfumo mmoja, maana za Kimarekani zinasoma omu 240 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) tangi likiwa tupu na 33 likijaa, za Ulaya ni 10 tupu na 180 limejaa, ukizichanganya sindano inatembea kinyume na utafikiri geji ni mbovu kumbe ni nzima.

Pamoja na hizo zote, bado hesabu kwa kichwa. Pima choo chako kinatumia maji kiasi gani kwa kwenda mara moja, piga idadi fulani ya kusukuma pampu ya choo na maji masafi uone tangi limepanda lita ngapi kwenye lile jedwali lako. Tuseme ni lita 2, mko watu wanne, kila mtu anaenda mara tano kwa siku, hiyo ni lita 40 kwa siku, tangi la lita 80 limejaa kwa siku mbili. Wageni wanasukuma maji mengi kuliko wenyeji kwa sababu wanaogopa kuacha choo kichafu, waelekeze kwa upole mapema. Ila usiwabane mno maana hosi ya milimita 38 inabeba zaidi ya lita moja kwa kila mita, uchafu ukilala humo hosi inaanza kunuka yenyewe na harufu hiyo haitoki.

Alamu iweke kwenye robo tatu, sio pale juu kabisa. Ile robo inayobaki ndo ya usiku, ya upepo mbaya, ya kukuta mashine ya kunyonya imeharibika au kuna foleni. Sheria za kumwaga baharini zinatofautiana nchi na nchi, Marekani kwa mfano ndani ya maili 3 za baharini uchafu ambao haujatibiwa haumwagwi, na kwa meli kubwa mkataba wa MARPOL, ule wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, unataka zaidi ya maili 12 kutoka nchi kavu. Lakini hata sheria isingekuwepo, jamani, kwenye maji tulivu wanakoogelea watoto na wapo wanaozamia, sio pa kufungulia valvu eti kwa sababu tangi limekushtukiza.

Na hapa nataka tukae kidogo kwenye bomba la kupumulia, lile la kuingiza na kutoa hewa ya tangi, kwa sababu tangi likijaa kupita kiasi uchafu unapanda humo na karatasi inaliziba. Likishaziba, kila ukisukuma choo unajaza presha, viungio vinaanza kuvujia kwenye ngama (sehemu ya chini kabisa ya boti), na siku ya kunyonya tangi linaweza kujikunja kwa ndani kwa sababu hewa haina pa kuingilia. Dalili ziko wazi: mkono wa pampu unakuwa mzito, maji yanarudi kwenye bakuli yakibubujika. Ukiona hivyo acha kusukuma hapohapo, usilazimishe, na usifungue mfuniko wa tangi lenye presha. Ile gesi ya tangi yenye harufu ya mayai viza ni sumu, na ikizidi inaua pua kwanza, kwa hiyo usiposikia harufu haimaanishi uko salama, fungua madirisha yote toa watu nje.

Kila mkinyonya malizia kwa kuingiza maji masafi mara mbili, nyonya tena, alafu tazama geji. Ikisema robo wakati unajua ni tupu, sensa imeshika ukoko, mimina siki ilale humo usiku kucha usuuze asubuhi. Usitumie dawa ya klorini, inakula mipira ya valvu, na ikikutana na siki inatoa gesi mbaya sana kwa mapafu.