Mama ameacha kula: tumwekee mpira wa puani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mama yetu ana miaka 83, tunaishi naye Tanga. Ugonjwa wa kusahau ulimwanza miaka mingi nyuma. Sasa hamtambui hata mmoja wetu, hatembei, na maneno yamebaki mawili matatu. Tangu mwezi uliopita anakataa chakula. Uji anaushikilia mdomoni au unampalia. Ameshalazwa mara mbili kwa nimonia. Hospitali wamependekeza mpira wa kulishia kupitia puani. Kaka yetu aliyeko Muscat anasema gharama zote juu yake, awekewe hata leo. Mimi ninayemhudumia nasita, na sasa naonekana kama nataka mama afe kwa njaa. Je, mpira utamsaidia? Na tukiukataa, tumfanyie nini?

JIBU: Kwa hali uliyoieleza, mimi nisingemwekea. Ila kabla hamjafika huko, hakikisheni kwanza kwamba kinachomkatisha chakula hakitibiki, maana mgonjwa asiyeweza kusema huwa anakataa kijiko kwa sababu zake.

Mfungue mdomo umulike kwa tochi. Utando mweupe kwenye ulimi na ndani ya mashavu ni fangasi, na ni kawaida kwa mtu aliyetoka kutumia antibayotiki kama mama. Dawa yake ni rahisi na ndani ya siku chache anaweza kurudia kula. Angalia fizi na jino bovu. Hesabu tangu lini hajapata choo, kwa kuwa tumbo lililofunga huondoa kabisa hamu ya chakula. Kisha panga dawa zake zote mezani, umwonyeshe daktari: za usingizi, na zile za kutuliza fujo kama haloperidoli, humlaza mgonjwa hata akashindwa kumeza. Kundi hili la pili, kwa wazee wenye demensia, yaani ugonjwa huu wa kusahau, huongeza pia hatari ya kiharusi na kifo, hivyo uliza kama bado anazihitaji. Pima malaria na mkojo.

Mkishaangalia hayo yote na bado hamezi, basi ni ugonjwa wenyewe. Demensia haiishii kwenye kusahau majina. Mwishoni ubongo unashindwa hata kuongoza koo. Mwambie kaka yako hili: mwaka 2009 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazee 323 wenye demensia ya hatua ya mwisho kwa miezi 18. Zaidi ya nusu walifariki katika muda huo. Waliopata nimonia, karibu nusu yao hawakumaliza miezi 6. Na hao walikuwa kwenye nyumba za kutunzia wazee, wenye wauguzi usiku na mchana. Kwa hiyo mama hakufika hapa kwa sababu wewe umezembea, wala kwa sababu pesa zimechelewa.

Mpira unapeleka chakula tumboni, lakini mate yake yataendelea kuingia njia ya hewa, na chakula chenyewe hupanda kutoka tumboni kikaingia mapafuni. Nimonia haizuiliki hivyo. Tafiti zilizofanyika kwa wagonjwa wa hatua hii hazijaonyesha kwamba mpira unawaongezea maisha au kuwakinga na vidonda vya kulala, na chama cha madaktari wa wazee cha Marekani kinashauri wagonjwa hawa walishwe kwa mkono badala ya mpira. Halafu kuna jambo ambalo familia haiambiwi mapema: mgonjwa haelewi ni kitu gani kiko puani, anakivuta. Kinarudishwa, anakivuta tena. Mwisho wake mikono inafungwa kwa bendeji kwenye vyuma vya kitanda, na ndugu wanamkuta hivyo saa ya kutazama wagonjwa. Mpira unaopitishwa kwenye ukuta wa tumbo nao jibu langu ni lilelile. Aliyepata kiharusi juzi, mwenye matumaini ya kumeza tena, huyo ni mgonjwa mwingine kabisa, na mpira unamfaa.

Sasa mumlishe vipi? Aamke vizuri kwanza. Mwenye usingizi halishwi. Mkalishe wima, kidevu kishuke kidogo kuelekea kifuani. Tumia kijiko cha chai, si cha mezani. Weka kidogo, tazama koo lipande na kushuka, ndipo uongeze. Vyepesi kama maji na chai ndivyo vinavyopalia zaidi. Jaribu uji mzito kiasi, mtori, parachichi lililopondwa, maziwa mgando. Akimaliza abaki ameketi kama nusu saa. Akigeuza uso, acha. Akila vijiko vitatu, basi leo amekula vijiko vitatu. Tafadhali msimsukumie uji kwa bomba la sindano; naliona sana majumbani, na linafanywa kwa mapenzi, lakini ndilo linalojaza mapafu.

Dripu pia sioni sababu yake. Wakati huu mwili hauhitaji maji mengi, na yakizidi huvimbisha miguu na kuongeza makohozi. Kinachomtesa zaidi ni mdomo mkavu: usafishe mara nyingi kwa kitambaa laini chenye unyevu, midomo ipake vaselini.

Maumivu mtayajua kwa kumtazama, hasa wakati wa kumwogesha na kumgeuza: anakunja uso, anaguna, anakaza mwili, anakushika mkono. Anzeni na parasetamoli. Isipotosha, au akihema kwa shida, ipo mofini ya maji ya kunywa. Dozi moja hufanya kazi kwa saa nne hivi, na hufunga choo, kwa hiyo huandikwa pamoja na dawa ya kulainisha. Ikitolewa kwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu, haimuui mtu. Hii ndiyo kazi ya tiba shufaa, yaani kutuliza mateso pale ugonjwa usipopona. Mkoani kwenu ulizieni Hospitali ya Bombo, na Hospitali ya Teule kule Muheza, ambayo ni miongoni mwa zilizotangulia kwa huduma hii. Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road.

Pesa za kaka zina kazi nyingi kuliko mpira. Godoro la hewa, pampasi za wakubwa, na mshahara wa mtu wa kukupokea usiku, kwa sababu mama anatakiwa kugeuzwa ubavu kila baada ya saa mbili na wewe mwenyewe hutaweza. Mpigieni simu ya video mkiwa na daktari, aulize mwenyewe.

Kama hofu yenu ni ya dini, mpelekeni sheikh wenu swali kamili. “Tumnyime mama chakula?” ni swali moja. “Mama analishwa kadiri anavyoweza kumeza, je, tunalazimika kumwekea mpira ambao daktari haoni faida yake?” ni swali jingine.

Mkikubaliana, mwombeni daktari aandike kwenye faili: hakuna mpira, hakuna mashine ya kupumulia, na hospitali arudishwe tu kwa kitu kisichotulizika nyumbani, kama kuvunjika nyonga. Nakala ikae kwa anayelala na mama. Siku za mwisho pumzi zitakatika na kurudi, miguu itapoa, na koo litakoroma kwa mate yaliyokaa. Mlazeni ubavu, msimtie kitu mdomoni, na mpigie muuguzi wa tiba shufaa. Namba yake iombeni mapema, msisubiri usiku wenyewe.