Mate Yaliingia Saa Ngapi? Kwa Unayeanza Kuziba Meno kwa Kompositi

Kijazo changu cha kwanza cha kompositi, ile ya rangi ya jino, kilidumu miezi minne. Kilikuwa kwenye gego la chini, na siku niliyokiweka nilijisifu moyoni, maana hata mwalimu aliyekuwa akinisimamia aliinama mara mbili kutafuta kilipoanzia. Mgonjwa aliporudi alikuwa amekiviringisha kwenye karatasi, kizima kama nilivyokisugua. Hakikuvunjika wala kupasuka. Kilichomoka tu. Mwalimu akakigeuza, akatazama upande wa chini, akaniuliza swali moja: "Mate yaliingia saa ngapi?"

Nilijua ni saa ngapi. Nilikuwa nimeshapaka asidi, nimeosha na kukausha, nikageuka kuchukua bondi, ile gundi ya majimaji inayotangulia kompositi, na mgonjwa akafunga mdomo ameze. Nikapuliza hewa nikaendelea. Foleni ilikuwa ndefu, na kwa macho jino lilikuwa kavu.

Wanafunzi wengi ninaowaona kliniki wanaanzia nilikoanzia mimi, yaani kwenye rangi. Wanaweza kubishana dakika kumi kama jino ni A2 au A3 kwenye kipimo cha rangi, kisha wanaziba katikati ya pamba mbili zilizolowa. Rangi nitaimaliza hapa hapa: ichague mwanzoni kabisa, jino likiwa na unyevu wake wa kawaida, kabla hujalikausha na kabla hujafunga mpira wa kuzuia mate, kwa sababu jino lililokauka huwa jeupe kuliko lilivyo, na utachagua rangi ya jino ambalo kesho halipo. Yaliyobaki hapa chini karibu yote ni habari ya maji.

Amalgamu, kijazo cha metali cha zamani, ina uvumilivu. Tundu lake unalichonga pana chini na jembamba juu, unashindilia, na umbo la tundu ndilo linaloishika. Kompositi haitegemei umbo, inategemea kunata. Mwaka 1955 Michael Buonocore alionyesha kwamba enameli, gamba gumu la nje la jino, ikipakwa asidi ya fosforiki, akriliki, aina ya plastiki, hung'ang'ania juu yake kuliko ilivyokuwa kabla. Asidi hufungua vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, resini, yaani plastiki isiyoganda bado, inaingia humo ikiwa majimaji, ikigandishwa inakuwa kama maelfu ya mizizi. Yeye alitumia asidi ya asilimia 85, sisi leo tunatumia ya 35 hadi 37, lakini kanuni ni ile ile. Baadaye Rafael Bowen akaunda resini iitwayo Bis-GMA, akaichanganya na chembechembe za silika, na kompositi nyingi unazozikamua leo ni wajukuu wa mchanganyiko huo.

Sasa fikiria vile vishimo vimefunguka, na tone moja la mate linapita juu. Mate siyo maji matupu, yana protini, na protini hizo hutanda mara moja juu ya enameli kama utando. Hewa inaondoa maji na kuuacha utando palepale. Ndiyo maana jino la mgonjwa wangu lilionekana kavu na bado likakataa. Likikutokea hilo baada ya asidi na kabla ya bondi, usijidanganye na upepo: paka asidi tena kwa sekunde kama kumi, osha vizuri, kausha, anza upya. Ni dakika moja tu.

Dawa ya kweli ni mpira, lile shuka jembamba linalotobolewa na kuvishwa jino. Najua visingizio vyote kwa sababu nimevitoa vyote: mgonjwa hataki, klempu, kile kibanio cha kuushikilia mpira, haikai, muda hautoshi. Mgonjwa mara nyingi anaupenda ukishakaa, maana maji hayamwendi kooni wala haonji asidi. Na muda unaopoteza kuufunga unaurudisha kwa kutobadilisha pamba kila baada ya dakika mbili. Mazoezi yake yafanyie kwenye magego ya juu ya wanafunzi wenzako kabla hujamgusa mgonjwa. Pale unaposhindwa kabisa, weka pamba upande wa shavu na upande wa ulimi, msaidizi akae na kinyonya mate bila kukitoa, na chupa ya bondi iwe tayari mkononi mwake kabla hujaosha asidi. Usigeuke. Mimi niligeuka.

Baada ya kusema sana juu ya ukavu, lazima nikuvuruge kidogo. Enameli unaikausha mpaka iwe nyeupe kama chaki. Dentini, sehemu iliyo chini ya enameli, ukiifanyia hivyo umeiharibu. Asidi ikishaondoa madini yake, kinachobaki ni mtandao wa nyuzi za kolajeni zinazosimama kwa msaada wa maji, na ukizipuliza mpaka zikauke zinalala juu ya nyingine, resini inakosa pa kupenya. Nobuo Nakabayashi na wenzake walieleza mwaka 1982 tabaka hilo ambamo resini na kolajeni vimefumana, na ndilo linaloshikilia kijazo kwenye dentini. Kwa hiyo dentini iache na mng'ao hafifu, usio na maji yanayotuama. Asidi isikae juu yake zaidi ya sekunde 15. Siku hizi mimi hupaka asidi kwenye kingo za enameli peke yake, na dentini naiachia bondi yenye asidi yake ndani, na malalamiko ya meno kuuma kwa baridi yamepungua sana kwenye kiti changu. Bondi yenyewe isugue, usiipake kama rangi ya kucha, kisha puliza hewa polepole mpaka isitembee tena. Kinachoruka hapo ni kiyeyushi, na kikibaki ndani bondi inakuwa laini milele.

Kuhusu uozo nitasema machache, maana vitabu vyenu vya sasa viko mbele ya nilivyosomeshwa. Usifukuze kila penye rangi ya kahawia. Kingo za tundu zote ziwe safi na ngumu, hapo hakuna huruma, kwa sababu ndipo gundi inaposhika na ndipo bakteria wanapofungiwa nje. Lakini sakafuni, karibu na kiini cha jino, dentini yenye ugumu wa ngozi inaweza kubaki. Ikizibiwa vizuri, bakteria waliobaki wanakosa chakula. Anayechimba mpaka aone jekundu amefungua kiini ambacho kingeweza kupona chenyewe.

Jambo linalofuata niliwahi kulidharau: matriksi, mkanda unaolizunguka jino kuwa ukuta wa muda wa kijazo. Amalgamu ukiishindilia inausukuma ule mkanda wa chuma mpaka uguse jino la jirani. Kompositi haisukumi kitu. Mgusano wa meno mawili unaupata kabla ya kuweka chochote, au huupati. Tumia mkanda mfupi uliopinda kama ubavu wa jino, kabari chini yake inayobana kingo ya ufizi, na pete inayoyatenganisha meno kidogo. Kabari ikiwa ndogo, kompositi itamwagikia ufizini, na utakaa nusu saa ukiikwangua huku damu ikikucheka. Ukiacha mwanya, chakula kitajibana humo kila mlo, na mgonjwa atakukumbuka kila mlo.

Kisha inakuja taa ya bluu inayoigandisha kompositi. Kompositi inapogandishwa inasinyaa, kwa kawaida kati ya asilimia 2 na 3 ya ujazo wake, na kwa kuwa imenata kwenye kuta, inazivuta. Ndiyo sababu ya kuiweka kwa matabaka yasiyozidi milimita 2, ukiyalaza kwa mshazari ili tabaka moja lisishike kuta mbili zinazotazamana. Zipo kompositi za kujaza kwa wingi zinazokubali milimita 4, lakini soma karatasi yake, usisikilize muuzaji. Kinachoamsha ugandishaji katika nyingi ni kamforikwinoni, unga wa manjano unaonyonya mwanga wa bluu wa karibu nanomita 470. Taa kubwa ya kiti nayo ina bluu ndani yake, kwa hiyo igeuze pembeni unapochonga umbo, la sivyo kompositi itaanza kukaza chini ya kifaa chako.

Nimewatazama wanafunzi wakiwasha ile taa ndogo. Sekunde mbili za kwanza wanaangalia, kisha mwanga unawachoma macho, wanageuza uso, na ncha ya taa inahama polepole mpaka inamulika shavu. Vaa miwani ya rangi ya chungwa ili uweze kutazama mpaka mwisho. Ncha iwe karibu kabisa na jino na iwe wima. Sehemu iliyo mbali zaidi na mwanga ni sakafu ya tundu pale ufizini, na ndipo uozo unaporudi kwanza, hivyo tabaka hilo la kwanza liongezee muda. Ifute ncha, maana resini iliyoganda juu yake inazuia mwanga, na taa ipimwe kwa kipima mwanga mara kwa mara. Taa iliyochoka inawaka bluu ile ile, na uso wa kijazo utakuwa mgumu huku chini kukiwa uji.

Ukiona uso wa tabaka unanata baada ya taa, usiufute. Oksijeni ya hewani imezuia sehemu hiyo ya juu isigande, na tabaka linalofuata litashikana nayo vizuri.

Kuna siku nyingine kompositi haikubaliki, na mtu anayeanza huona aibu kukiri. Tundu limeshuka chini ya ufizi, enameli imekwisha, damu haikatiki: hapo simenti ya glasi ayonoma inavumilia unyevu kuliko kompositi na inatoa floraidi. Siyo nzuri ya sura wala ngumu sana, lakini itakuwepo mwaka ujao. Chunguza pia kijazo cha muda ulichokikuta ndani. Kama kilikuwa cha yujenoli, ile iliyomo kwenye mafuta ya karafuu, mabaki yake yanaizuia resini kuganda. Kwangua kuta zote mpaka harufu iishe. Na mtu aliyetoka kung'arisha meno kwa dawa mpe wiki mbili kabla ya kumwekea bondi, oksijeni iliyobaki kwenye enameli inafanya ubaya ule ule.

Mwishoni mketishe mgonjwa wima ndipo umpe karatasi ya rangi aumane. Akiwa amelala taya linarudi nyuma na unapata alama za uongo, na ganzi nayo inamfanya aseme "sawa" kwa kila kitu. Siamini neno lake siku hiyo, naamini alama. Kijazo kilichozidi hata kwa unene wa karatasi kitamuuma akitafuna, atafikiri umegusa neva, na wewe utaanza kufikiria kutibu mzizi wakati kilichotakiwa ni kupunguza nukta moja.

Mwambie asitafune upande huo mpaka ganzi iishe. Kijazo kimeshakuwa kigumu tangu taa ilipozimwa, anaweza kujiuma shavu tu. Na akirudi siku nyingine kwa jino lingine, kabla hujamuuliza lolote, pitisha uzi wa meno kwenye lile ulilomzibia.