Ukishitakiwa kwa deni Pemba, usivuke kwenda Unguja

Mtu akiletewa wito wa mahakama kwa deni huku kwetu, ushauri wa mwanzo anaopewa barazani ni huu: vuka, kakae Mjini Unguja mpaka mambo yapoe. Na mimi nilipewa, tena na watu wanaonipenda. Nina duka la vyakula Wete, na kama duka lolote la Pemba, nusu ya mauzo yangu yamo daftarini. Mchele, sukari, sare za skuli, vyote vitalipwa "karafuu zikitoka". Msimu mmoja mikarafuu ikakataa kuzaa. Wateja hawakunilipa, na mimi sikumlipa tajiri wa jumla wa Unguja aliyekuwa akinikopesha mzigo. Akanishitaki, na ilikuwa haki yake.

Sikuvuka. Nilikwenda kuitika wito, na mpaka leo namwambia kila anayenipigia simu na karatasi iko mkononi: nenda.

Kwanza elewa unaitiwa nini. Deni la biashara ni madai, si jinai. Polisi si wakusanya madeni, na sheha, yaani kiongozi wa shehia, mtaa wenu, kazi yake ni kusuluhisha, hana uwezo wa kukufunga. Ukiitwa kituoni kwa deni tupu, sema kwa adabu kuwa hayo ni madai na mahali pake ni mahakamani, wala usitie saini karatasi ya ahadi usiyoweza kuitimiza ili tu utoke. (Kama ulitoa hundi ukijua benki hamna kitu, au ulichukua mali kwa hila, hiyo ni habari nyengine na ushauri wangu hautakufaa.) Mahakama ya Kadhi nayo si pake. Kule ni ndoa, talaka, mirathi.

Usipotokea, kesi haisimami. Mdai atasikilizwa peke yake na hukumu itatoka ya upande mmoja, kwa hesabu aliyoileta yeye. Kwenye kesi yangu kulikuwa na malipo niliyotuma kwa simu ambayo kwenye daftari la tajiri hayakuwamo. Hakuiba, karani wake hakuandika tu. Nilitoa taarifa za miamala, hesabu ikashuka palepale. Ningekuwa Darajani, kule Mjini Unguja, nakunywa kahawa, nani angeyasema hayo? Hukumu ya namna hiyo huweza kuombwa itenguliwe ukionesha kuwa wito haukukufikia au ulikuwa na sababu ya maana, lakini huko ni kuanza kupanda mlima kutokea bondeni.

Sasa jambo ambalo natamani lingetangazwa msikitini. Utaratibu wa kesi za madai Zanzibar umejengwa juu ya sheria ya India ya 1908, na ndani yake hakimu anapotoa hukumu anaweza, kwa sababu ya kutosha, kuamuru ulipe kidogo kidogo. Hukumu ikishatoka bila ya kusema hivyo, mlango unakuwa mwembamba, maana kuomba awamu baadaye kunahitaji ridhaa ya aliyeshinda. Kwa hiyo sema mapema. Usingoje uulizwe. Nenda na daftari lako, orodha ya wanaokudai wote, na kiasi ambacho duka linaingiza katika miezi mikavu. Mimi niliomba kiwango kidogo mwaka mzima na kikubwa msimu wa karafuu, na nikakubaliwa, kwa sababu hakimu wa Pemba anajua pesa ya Pemba inaingia lini. Na tafadhali usitaje kiwango kikubwa ili uonekane muungwana. Awamu mbili ukizikosa, uungwana wote umekwisha.

Watu huogopa dalali wa mahakama atabeba hata sufuria. Hapana. Nguo za kuvaa, vyombo vya kupikia, malazi, zana za fundi na jembe la mkulima ni katika vitu ambavyo sheria inavikinga. Gari, mzigo wa dukani na shamba havimo katika kinga hiyo.

Na jela? Ipo, tusidanganyane. Aliyeshinda anaweza kuomba uwekwe ndani kama mfungwa wa madai. Lakini yeye ndiye anayetoa pesa za chakula chako, na ukitoka deni bado lipo, ndiyo maana wafanyabiashara wenye hesabu hawaikimbilii. Hakimu pia ana nafasi ya kukuachia ikidhihiri kuwa kinachokuzuia ni umaskini. Anayejitia hatarini ni mwenye nacho anayeficha, au yule anayeonekana anataka kutoroka. Umeona sasa kwa nini nachukia ule ushauri wa boti?

Kuna vijana wanaoniambia, "Jitangaze mufilisi, bibi, umalize." Hao wameona mambo ya Marekani, ambako mtu hujaza ombi mwenyewe na madeni yake mengi hufutwa ndani ya miezi. Uingereza nako mufilisi kwa kawaida huachiwa baada ya miezi 12. Kwetu sheria ya ufilisi ya mtindo wa Kiingereza ipo, lakini katika wenye maduka ninaowajua sijamuona aliyepita njia hiyo. Ajabu ni kwamba visiwa hivi viliwahi kumfikiria mdaiwa zamani: 1934 ilitungwa sheria ya kuzuia mashamba ya Waarabu na Waafrika yasiishie kwa wakopeshaji, na 1938 nyengine ya kusuluhisha madeni ya wenye mashamba. Mwenye duka hakufikiriwa.

Aya ya kumngojea mwenye dhiki mpaka afarijike, iliyomo Suratul Baqara, ina nguvu mbele ya mdai Muislamu, na mimi niliitaja tulipokutana nje ya mahakama. Itaje kama kweli una dhiki. Mwenye uwezo anayechelewesha anafanya dhuluma, hilo nalo mdai wako amelisikia darsani.

Kama huna wakili, Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kipo tangu 1992, na wasaidizi wa sheria wamo mashehiani. Nenda kabla ya tarehe ya kesi, na karatasi zote.

La mwisho ni malipo yenyewe. Baada ya hukumu, ukimlipa mdai mkononi hakikisha inaandikwa mahakamani, kwa sababu malipo ya nje yasiyothibitishwa mahakama haiyatambui inapokaza hukumu, yaani inapolazimisha itekelezwe. Mimi kila nikilipa nilikuwa nikipeleka risiti kwa karani, na awamu ya mwisho niliomba iandikwe kwenye jalada kuwa hukumu imetekelezwa yote. Chukua nakala.