Kujitolea shule ya viziwi Kenya ukiwa unajua lugha ya ishara ya Uingereza

Haitakutosha. Watoto huko wanatumia Lugha ya Ishara ya Kenya, ambayo ni lugha nyingine kabisa. Hata herufi tu: Waingereza huzionyesha kwa mikono miwili, Wakenya kwa mkono mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 120, inaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Anza kujifunza kabla hujasafiri, ikiwezekana kwa mwalimu ambaye mwenyewe ni kiziwi. Tafadhali usilichukulie hili kijuujuu: wengi wa watoto hawa wazazi wao wanasikia, na lugha wanaipatia pale pale shuleni, kwa hiyo ukiwachanganyia ishara utawarudisha nyuma. Ukienda Tanzania, nako wana yao.