Mama mkwe anakuja Krismasi, nasi tunaishi ndani ya Kosta

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka minane na mwengine mitano. Mume wangu ni fundi seremala, anatengeneza samani za mahoteli, na kazi zake hapa Unguja zinahama: mara Nungwi, mara Kiwengwa, sasa hivi tuko Jambiani. Mwaka jana alichoka kulipa kodi za nyumba tunazokaa miezi miwili tukahama. Akanunua Kosta kuukuu, akang'oa viti vyote, akatia vitanda, kabati, jiko la gesi na betri ya sola. Ndimo tunamoishi. Watoto wanaipenda, na mimi nimeizoea, lakini kwetu Moshi sijamwambia mtu. Mama mkwe nimemwambia tumepanga kijumba karibu na bahari. Sasa anasema mwaka huu tusiende, anakuja yeye kula Krismasi na wajukuu. Nataka nikodi nyumba ya wiki mbili nimpokelee humo. Mume wangu hataki kusikia, anasema pesa hiyo hatuna. Hata taa za Krismasi hataki, eti zitamaliza betri. Mdogo ananiuliza mti tutauweka wapi. Usiku nalia. Nifanye nini? Mama wa Kosta, Jambiani.*

Marahaba, mwanangu. Nyumba usikodi. Naanza na hilo kwa sababu Desemba inakimbia, na huenda dalali ameshaanza kukupigia simu. Mwezi huu pwani yote ya mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, imejaa wageni, na wenye nyumba wanajua kupandisha bei. Lakini hata pesa ungekuwa nayo ningekwambia vile vile. Una mtoto wa miaka mitano. Bibi yake hatamaliza kikombe cha kwanza cha chai kabla hajaulizwa, "Bibi, umeiona gari yetu? Mbona leo hatulali kwenye gari yetu?" Utamziba mdomo vipi? Na ukimfundisha kumdanganya bibi yake wiki ya Krismasi, utamrudishaje tena kwenye ukweli?

Kinachokukosesha usingizi ni ule uongo wa kijumba. Ukishautoa, yaliyobaki ni mambo ya kupanga tu. Basi utoe. Mpigie mavyaa wako wiki hii, kabla hajakata tiketi, na uzungumze wewe kwanza, kwa kuwa maneno yalitoka kinywani mwako. Mumeo awe ubavuni apokee simu baada yako. Usizunguke. Sema: "Mama, nilikwambia tumepanga nyumba. Hatujapanga. Tunaishi ndani ya gari, mwanao ameitengeneza kwa mikono yake, ina vitanda na jiko. Niliona haya kukwambia, naomba unisamehe. Watoto wanakusubiri." Halafu nyamaza, mwache aseme. Anaweza kukasirika, na ana haki. Akiuliza kama mwanawe amefilisika, mpe mumeo simu ajibu mwenyewe kuhusu kazi yake. Akishatulia mtumie picha, za nje na za ndani, watoto wakiwemo.

Nakuomba pia uipime safari yake. Kwa watu wa mlimani Desemba ndiyo mwezi wa kurudi kwenye kihamba, shamba la ukoo. Mabasi ya Moshi yanajaa, waliotawanyika nchi nzima wanapanda kwenda kula mbuzi na kuonana. Mama wa huko akiuacha uwanja wake mwezi kama huo, akasafiri hadi Dar es Salaam na kuvuka bahari, anafuata damu yake. Hajapanda boti kuja kukagua kuta.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliandika, nami naliona kubwa kuliko mti na taa: atalala wapi? Ndani ya Kosta, naamini vitanda vyenu vimetenganishwa na pazia tu. Mama hawezi kulala upande mmoja wa pazia, mwanawe na mkewe wakawa upande wa pili. Hata nafasi ingekuwepo, heshima hairuhusu, na nyote mtakesha mkijizuia kukohoa. Tena ngazi ya Kosta ni ndefu kwa goti la mtu mzima, na usiku atataka choo bila ya kupapasa gizani. Tafuta chumba kwa jirani, nyumba ya pili au ya tatu kutoka mlipoegesha, chenye kitanda kizuri, chandarua na choo karibu. Jambiani ni kijiji cha watu, hukosi mama mwenye chumba. Hicho kikodi, na ukikodi kwa uwazi, umwambie kabisa: "Mama, kulala utalala kwa jirani, mchana kutwa tuko pamoja." Mjukuu mkubwa alale naye. Na kabla hajafika, mumeo aende kwa sheha, kiongozi wa serikali hapo kijijini, amweleze kwamba anatarajia mgeni, jina lake na siku atakazokaa. Kila mwenye mgeni inampasa afanye hivyo, lakini nyinyi ambao nyumba yenu ina magurudumu inakupaseni zaidi, watu wakujueni mko wapi na ni nani.

Krismasi yenyewe ifanyeni nje. Kosta iwe chumba cha kulala na kabati, uwanja uwe nyumba. Wenzenu wa nchi nyengine wanaoishi hivi ndivyo wanavyofanya: Marekani kuna wastaafu wengi wanaoikimbia baridi na kwenda kuegesha magari yao ya kuishi kwenye jangwa la Arizona, na wakifika tu wanakunjua turubai ubavuni na kupanga viti nje. Sisi tuna joto la kukimbia. Bati la Kosta likipigwa na jua la saa sita la Desemba, ndani hapakaliki, na ukipika humo ndiyo umezidisha. Igeuzeni gari mlango utazame baharini, upepo wa kaskazi uingie wenyewe. Mumeo ni seremala, ana mbao na misumari. Hashindwi kusimamisha banda la makuti ubavuni mwa gari, pana kiasi cha kukaa watu kumi juu ya mikeka, na juu yake afunge turubai, kwani mvua za vuli hazijui sikukuu. Halafu angalieni mwezi. Kama mmeegesha mchangani chini ya mivinje, siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yanapanda hadi mahali ambapo wiki nzima palikuwa pakavu. Gari isogezwe juu mapema, msingoje usiku.

Mti utasimama hapo bandani, mwambie mdogo leo hii asilale na wasiwasi. Tafuteni tawi la mvinje. Sisi Wakristo wa huku ndilo letu tangu mimi mtoto kule Mbweni, na harufu yake likikatwa hadi leo ndiyo Krismasi yangu. Usikate ovyo, muulize mwenye eneo, na baada ya siku ya upepo mkali hukosi tawi lililoanguka. Chukua dumu la lita 20, ulikate mdomo, ulijaze mchanga uliolowana, usimike tawi na kulikaza kwa mawe. Watoto waokote makombe matupu ufukweni, baba yao awatobolee, watie uzi na kuyatundika. Na kama karibu yenu pana mkrismasi, huu ndio mwezi wake wa kuchanua. Kishada kimoja cha maua yale mekundu kinatosha kuipamba sehemu ya kulia.

Kuhusu taa, mumeo anafanya vizuri kuilinda betri, ila hebu apige hesabu. Betri ya asidi ya N100, ya volti 12, inabeba kiasi cha wati-saa 1,200, na haifai kuinyonya zaidi ya nusu, kwa hivyo mna 600 za kutumia. Uzi mmoja wa taa ndogo za LED unakula kama wati 5. Ukiwaka tangu magharibi hadi usiku wa manane, yaani muda wa saa sita, umekula wati-saa 30. Feni ndogo ya wati 20 ikizunguka saa nane mkiwa mmelala ni 160. Simu na taa ya ndani zinapata chao, na bado pana akiba. Kinachozimaliza betri za watu ni friji na pasi. Mpe karatasi hii aisome mwenyewe, yeye ni fundi, ataielewa.

Kwenye moto sina mzaha. Mtungi wa gesi ukae nje ya gari siku zote hizo za pirikapirika, maana gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inazama chini na kutuama sakafuni, karibu na pale wanapolala watoto. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya Kosta hata mvua ikinyesha ya kufa mtu, hata kwa dakika kumi, hata makaa yakiwa yameshafanya jivu. Gesi yake yenye sumu haionekani wala hainuki, na ndani ya gari iliyofungwa inaua familia nzima usingizini. Mishumaa ya mkesha iwasheni bandani, mbali na makuti na mapazia, mtu mzima akiwa macho.

Chakula ndiyo raha ya siku, na hapa nataka uwafikirie majirani. Idi bila ya shaka mmeletewa sahani, hata kama mlikuwa wageni wa wiki moja. Hii ndiyo siku yenu ya kurudisha. Mbuzi au kuku, muombeni jirani Muislamu akuchinjieni, ili nyama yenu iliwe na kila mtu kijijini bila ya kuulizwa, na sufuria ziwe safi zisizopikiwa kitu kitakachowatia shaka. Pilau pikeni uwanjani juu ya mafiga, harufu ya karafuu na hiliki itawaalika wenyewe. Sahani zitoke na watoto, zimefunikwa kawa, kabla nyinyi hamjaanza kula. Pombe iacheni, uwanja wenu uko katikati ya watu wasiotumia na watoto wao watakuwa hapo.

Tanuri huna, wala huhitaji. Roweka mchele usiku, asubuhi uusage na tui zito, utie hamira, sukari na hiliki, uache uumuke. Umimine kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, makaa machache chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina ukishika rangi ya dhahabu juu, watoto wako hawatauliza keki iko wapi. Mavyaa wako naye muachie sufuria ya mtori. Ndizi za kupika mnunulie soko la Mwanakwerekwe, kisu mpe mkononi, mwache atawale upande wake wa jiko. Mama akishakaa kwenye kigoda akamenya ndizi, ameshafika kwake.

Kanisani mtakwenda mjini, na hapo ndipo nyumba yenu inapowashinda wenye nyumba za mawe, kwani wao usiku ule hawapati dala-dala ya kuwarudisha shamba. Egesheni upande wa Mnazi Mmoja muingie kwa miguu, vichochoro havipitishi Kosta. Wakatoliki wana kanisa lao la Minara Miwili. Mkienda Mkunazini, mwonyeshe mama kanisa letu la Anglikana na umwambie kwamba jiwe lake la msingi liliwekwa siku ya Krismasi, mwaka 1873, mwaka ule ule Sultani Seyyid Barghash alipolifunga soko la watumwa, na kwamba limejengwa pale pale lilipokuwa soko. Mimi kila mwaka nikiingia mlango ule Krismasi nakumbuka ni watu gani waliosimama pale kabla yetu, nao hawakuwa na nyumba wala familia waliyoachiwa.

Sasa mumeo. Katika barua nzima umemtaja anapokataa tu: kakataa nyumba, kakataa taa. Kaa ulifikirie hili. Mwaka mzima amelala ndani ya kitu alichokijenga kwa mikono yake ili familia yake isitawanyike kila kazi inapohama, na anajua mkewe anakificha kwa watu. Hilo linauma, mwanangu. Pengine hizo taa anazikataa kwa sababu anaona Krismasi yote inapangwa ili kuifunika kazi yake. Kabla ya ile simu ya Moshi, kaa naye peke yenu, watoto wakiwa wamelala, umwambie wazi kwamba ulificha kwa kuogopa maneno ya watu, na kwamba hutaficha tena. Usitie "lakini" mwisho wa sentensi. Naye akisema kwamba maisha haya ya kuhamahama yana mwisho wake, mkubwa akifika darasa fulani au pesa ikifika kiasi fulani, mpatane hapo hapo, ili mama akiuliza mjibu kauli moja.

Siku ya kumpokea nendeni bandarini Malindi, hapo mjini, nyote wanne, na Kosta hiyo hiyo. Mwambie achukue boti ya asubuhi, aje na kitambulisho chake, na atafune tangawizi, maana ni mwendo wa kama saa mbili na kaskazi humpa mtu tabu asiyeizoea bahari. Mpeni kiti cha mbele, karibu na mwanawe. Ila ile ngazi bado ni ndefu kwake. Mumeo amchongee kigoda kipana cha kukanyagia, chenye miguu minne imara, na hicho akichonge kesho, kabla hata ya banda.

Shangazi